Kulala Luxor kwa Bei Ndogo: Mwongozo Kamili wa Kukaa Jirani na Mahekalu

Jina la Luxor, mji wa kusini mwa Misri, limetoka kwenye Kiarabu, al-Uqsur, wingi wa qasr, neno lilelile lililotuletea "kasri". Waarabu walipoyakuta magofu kando ya Nile waliyaona kama majumba ya wafalme, na mji ukabaki na jina hilo. Wamisri wa kale waliuita Waset, Wagiriki wakauita Thebes. Majumba yenyewe ni mahekalu, na mwaka 1979 UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia pamoja na makaburi ya ng'ambo ya mto.

Wageni wengi huletwa kwa basi kutoka Hurghada, mji wa pwani ya Bahari ya Shamu, mwendo wa saa nne hivi, na jioni hurudishwa baharini. Wanafika jua limeshakolea, wanakimbizwa kwenye hekalu la Karnak, wanavushwa mto, wanaona makaburi matatu, wanaondoka. Ukiwa na pesa kidogo na siku nne, utaiona Luxor vizuri kuliko wao. Chumba cha bei ndogo kilicho umbali wa kutembea kinakupa saa ya kwanza ya asubuhi kabla ya mabasi, usingizi wa adhuhuri, na saa ya mwisho ya jioni mawe yanapogeuka rangi ya asali. Pesa utakayookoa kwenye chumba, iongeze kwenye idadi ya siku. Ushauri wote ulio hapa chini nimeujenga juu ya hilo.

Hatua ya 1: Chagua ukingo wa mto

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, na watu huufanya bila kufikiri.

Mashariki kuna mji wenyewe: stesheni ya treni, soko, benki, Hekalu la Luxor katikati kabisa, na Karnak kama kilomita tatu kaskazini. Hoteli za bei ndogo zimejazana mitaa inayoizunguka stesheni na kando ya barabara iitwayo Television. Usiku kuna makelele, lakini huhitaji gari kwa lolote.

Magharibi kuna mashamba ya miwa, punda, vijiji, na nyuma yake milima mikavu yenye makaburi. Nyumba za wageni ziko sehemu mbili hasa. Gezira ni kijiji kilicho gatini pa kivuko, kwa hiyo jioni unavuka kwenda mjini kula na kurudi. Kom Lolah ni kitongoji kidogo zaidi, mlangoni pa hekalu la Medinet Habu. Huko zipo nyumba ambazo ukinywa chai kwenye paa unatazamana na ukuta wa farao Ramesses III.

Wa usiku mmoja tu na alale mashariki. Mwenye usiku mitatu au minne, ushauri wangu ni alale mashariki usiku wa kwanza, aione Karnak asubuhi, kisha avuke na begi lake na kumaliza siku zilizobaki magharibi. Sababu ni jua. Hekalu la Luxor huwa wazi hadi usiku na huwashwa taa, kwa hiyo unaweza kuvuka kulitazama baada ya magharibi. Makaburi na mahekalu ya ng'ambo hayana usiku. Uzuri wake ni asubuhi na mwisho wa alasiri, na anayelala kulekule ndiye anayezipata saa hizo.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Kuanzia Oktoba hadi Aprili hali ya hewa inavumilika. Juni, Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40 mchana, na bonde la makaburi halina mti hata mmoja. Vyumba hushuka bei sana miezi hiyo. Ukienda wakati huo, usikubali chumba kisicho na kiyoyozi kinachofanya kazi, hata kama ni cha bure.

Januari ina mtego wake. Mchana jua ni zuri, lakini usiku jangwa hupoa sana, na nyumba nyingi za bei ndogo zimejengwa kupambana na joto, si baridi. Mtu wa Dar au Mombasa atatetemeka. Beba sweta na soksi, na uombe blanketi la pili kabla wahudumu hawajalala.

Ukipenda sherehe, lenga katikati ya Shaaban, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani. Ndipo huwa maulidi ya Abu al-Haggag, walii wa mji huu, ambaye msikiti wake umejengwa ndani ya Hekalu la Luxor na bado unasaliwa. Hekalu lilikuwa limefukiwa na udongo hadi karibu na vichwa vya nguzo wakati msikiti unajengwa. Udongo ulipochimbwa na kuondolewa, mlango wa zamani wa msikiti ukabaki ukining'inia juu hewani. Siku ya maulidi mashua huzungushwa mitaani. Wafarao nao walikuwa na sikukuu ya Opet, ambapo mashua takatifu ya mungu Amun ililetwa kutoka Karnak hadi hekalu hilihili. Chumba cha siku hizo kishike mapema, kwa kuwa vijiji vyote vya jirani huhamia mjini.

Hatua ya 3: Tafuta chumba na uulize maswali

Usiamini bei yoyote iliyoandikwa zaidi ya miezi michache iliyopita. Machi 2024 serikali iliiachia paundi ya Misri ishuke, na dola moja ikapanda kutoka paundi 31 hivi hadi karibu 50. Bei zote zilivurugika. Tazama bei ya leo kwenye programu za kupanga vyumba, kisha mwandikie mwenye nyumba kwa WhatsApp umuulize bei ya kulipa mkononi kwa usiku mitatu au zaidi. Mara nyingi atapunguza.

Muulize haya, na umtake ajibu moja moja: choo kiko ndani ya chumba au nje? Maji ya moto yapo saa zote? Kiyoyozi kimo kwenye bei au kinalipiwa? Kifungua kinywa kimo, na je, kinaweza kuandaliwa saa kumi na moja alfajiri au kufungwa nibebe? Paa lipo? Kutoka hapo hadi gatini, au hadi mlango wa hekalu, ni dakika ngapi kwa miguu?

Swali la kifungua kinywa linaonekana dogo. Lakini nyumba inayopika saa mbili na nusu tu inakuibia saa zako bora mbili, na hiyo ndiyo iliyokuleta. Nimewahi kukaa kwenye nyumba moja safi, yenye bustani nzuri, ambayo geti lake lilifungwa kwa kufuli hadi saa moja na nusu. Kila alfajiri nilikuwa nikimgongea mlinzi dirisha. Baada ya usiku wa pili nilihama.

Ukikuta picha za vyumba vyenye kuta nene za udongo na dari ya kuba, vipe kipaumbele. Mbunifu Hassan Fathy alijenga kijiji kizima hapa magharibi, Gourna Mpya, katika miaka ya 1940 kwa tofali za udongo, na nyumba kadhaa za wageni zimeiga mtindo wake. Chumba cha namna hiyo hukaa baridi adhuhuri bila umeme mwingi.

Hatua ya 4: Fika bila kupotezwa

Viza ishughulikie mapema kwenye ubalozi wa Misri nchini kwako, na kadi ya njano ya chanjo iwe pamoja na pasipoti. Kutoka Cairo, treni ya kwenda Luxor huchukua saa tisa au kumi. Ya usiku inakuokolea gharama ya kitanda. Stesheni ya Luxor iko kama kilomita moja tu kutoka Hekalu la Luxor.

Hapo stesheni utakutana na wapiga debe. Mmoja atakwambia hoteli yako imefungwa, au imejaa, au mwenyewe amehamia pengine, naye anaijua nyingine nzuri zaidi. Anatafuta kamisheni tu. Usibishane wala usikasirike. Sema "la, shukran", neno la kwanza ni letu na la pili ni kama letu, uendelee kutembea. Namba ya simu ya hoteli iwe tayari mkononi.

Anayelala magharibi asikubali kirahisi teksi ya moja kwa moja hadi mlangoni. Daraja liko kusini, kilomita saba hivi nje ya mji, kwa hiyo gari huzunguka sana na bei hupanda. Chukua teksi hadi mbele ya Hekalu la Luxor, shuka gatini, panda kivuko cha wananchi. Nauli yake ni ndogo mno, na aliyezoea pantoni la Kigamboni au Likoni hataona ugeni: baiskeli, magunia, wanafunzi, akina mama na vikapu. Ukishuka ng'ambo, Gezira ni hapohapo kwa miguu. Kwa Kom Lolah panda vigari vya abiria vinavyofanya kazi kama daladala, au mwombe mwenye nyumba atume mtu.

Hatua ya 5: Kagua chumba kabla ya kutoa pesa

Acha begi mapokezi, omba ufunguo, panda ukaone. Fungua bomba la moto na usubiri mpaka maji yapate moto kweli. Washa kiyoyozi au feni uisikilize. Funua shuka. Funga mlango kwa ndani ujue kitasa kinashika. Tazama wavu wa dirisha: Oktoba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Misri imetokomeza malaria, lakini mbu wa kando ya Nile hawajaacha kuuma, na usiku mmoja wa kujikuna unaharibu asubuhi nzima.

Mashimo ya umeme ya Misri ni ya pini mbili za mviringo. Chaja zetu za pini tatu za bapa haziingii. Nunua adapta kabla ya kuondoka nyumbani.

Beba kanga mbili hata kama wewe ni mwanamume. Moja inafunika shuka usiloliamini, nyingine inakukinga jua mabegani, na mwanamke atakayetaka kuingia msikiti wa Abu al-Haggag atakuwa na ushungi.

Pasipoti itachukuliwa mapokezi kuandikishwa. Ni kawaida, isubiri palepale urudishiwe.

Hatua ya 6: Rekebisha saa, furahia hesabu

Hapa msemaji wa Kiswahili ana hatari moja na faida moja.

Hatari ni saa. Dereva akikwambia atakuja "es-saa sitta", masikio yako yatasikia saa sita. Yeye anahesabu kuanzia usiku wa manane kama Wazungu, kwa hiyo anamaanisha saa kumi na mbili yetu. Ukimngoja adhuhuri ameshaondoka, na jua umelikosa. Onyesha saa kwenye simu, nyote wawili muitazame. Kumbuka pia kwamba wakati wa baridi Misri iko nyuma yetu kwa saa moja, na wakati wa joto saa zao husogezwa mbele zikalingana na zetu.

Faida ni hesabu. Ishrin, talatin, arbain, khamsin, sittin, sabin, tamanin, tisin, miyya, alf. Huhitaji kufundishwa. Muuza ndizi akimwambia mwenzake bei halisi kisha akakutajia wewe nyingine, utajua. Ukimjibu kwa tarakimu za Kiarabu, aghalabu hucheka na bei hushuka. Mimi niliulizwa mara kadhaa kama ni Msudani au Mnubi, na mazungumzo yakawa marefu na chai ikaletwa. Tiketi za mahekalu, hata hivyo, utalipa za mgeni.

Hatua ya 7: Panga siku kwa kufuata jua

Jioni ya kufika, nenda Hekalu la Luxor saa moja hivi kabla ya jua kuzama. Lilijengwa hasa na Amenhotep III na Ramesses II. Mbele ya lango kuna mnara mmoja wa jiwe uliochongoka. Mwenzake uko Paris, ulisimamishwa Place de la Concorde mwaka 1836, na msingi wake mtupu bado uko hapo ukimsubiri. Kaa ndani mpaka taa ziwashwe. Mwanga unaotoka chini huibua michoro ambayo mchana haionekani kabisa. Na adhana ya magharibi ikitoka msikitini, katikati ya nguzo za farao, simama usikilize.

Asubuhi ya pili ni ya Karnak. Milango ya sehemu kubwa hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Thibitisha mapokezi usiku uliotangulia. Wewe uwe wa kwanza pale, pita ua wa mbele bila kusimama, nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa nguzo. Ziko 134, na zile 12 za katikati zina urefu wa mita 21 hivi. Ukiwa peke yako unasikia ndege walioko juu. Saa mbili baadaye utasikia waongozaji wa lugha kumi. Ukumbi ukijaa, toka uende kwenye mnara wa Hatshepsut, farao mwanamke, jiwe moja la matale la karibu mita 30 lililoletwa kwa maji kutoka Aswan. Kisha rudi hotelini kwa miguu kupitia barabara ya sfinksi (sanamu zenye mwili wa simba), kama kilomita 2.7, iliyofunguliwa upya Novemba 2021. Kunywa maji, oga, funga begi, vuka mto, lala mpaka alasiri.

Asubuhi ya tatu, Bonde la Wafalme. Panga gari usiku uliotangulia na muelewane njia nzima, muda wa kusubiri, na kwamba hakuna kusimama kwenye maduka ya mawe ya alabasta. Usipolisema hilo, mtasimama. Tiketi ya kawaida inaruhusu makaburi matatu. Tutankhamun, ambaye mwanaakiolojia Howard Carter alilipata kaburi lake mwaka 1922, na Seti I wana tiketi zao za ziada. Kama pesa ni kidogo, muache Tutankhamun: kaburi lake ni dogo na lina michoro michache. La Ramesses V na VI lina tiketi yake pia, na dari yake ya nyota inastahili kila senti.

Kutoka bondeni nenda Deir el-Bahari, hekalu la Hatshepsut, kabla ya saa nne. Linatazama mashariki chini ya jabali, na jua likipanda jabali linageuka tanuri. Kwenye baraza ya kati, upande wa kushoto, kumechongwa safari ya kwenda Punt, nchi ya kale: merikebu, nyumba zilizosimama juu ya nguzo, miti ya manemane inayobebwa na mizizi yake kwenye vikapu. Wanazuoni wengi huiweka Punt upande wa Pembe ya Afrika na kusini mwa Bahari ya Shamu. Kwa hiyo ubani na manemane, ambavyo bibi zetu wa pwani wanavifukiza hadi leo, vilisafirishwa kutoka upande wetu wa bara kwenda Misri miaka 3,500 hivi iliyopita. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Siku ya nne iache kwa Medinet Habu, na uende kwa miguu au baiskeli ya kukodi. Tiketi yake haiuzwi mlangoni. Inauzwa ofisi ya tiketi iliyo barabarani, mbele kidogo ya sanamu mbili kubwa za Amenhotep III, zile ziitwazo Memnon, zenye mita 18 hivi na zinazotazamwa bure. Hapohapo utanunua za Ramesseum, hekalu la Ramesses II, na za Deir el-Medina, kijiji cha kale cha mafundi. Nunua zote asubuhi moja. Ukisahau moja, unarudi jua kali.

Medinet Habu ni hekalu la Ramesses III, na kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote ya magharibi kwa mtu anayelala jirani. Maandishi yamechimbwa kwa kina mpaka mkono unazama, na chini ya dari rangi za bluu na nyekundu bado zimo. Wafanyakazi waliochonga makaburi ya wafalme waliishi Deir el-Medina. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, posho yao ya nafaka ilipochelewa, waliweka zana chini, wakatoka kijijini na kwenda kukaa kwenye mahekalu wakidai chakula. Ndio mgomo wa kwanza ulioandikwa katika historia ya dunia. Ingia Medinet Habu alasiri, saa mbili kabla ya kufungwa. Unaweza kulikuta karibu tupu.

Maputo ya hewa moto yatapita juu ya paa lako alfajiri. Kabla ya kulipia, ujue kuwa Februari 2013 puto moja liliungua hapa na watu 19 wakafa. Anayetaka kupanda achague kampuni kwa sifa ya usalama, si kwa bei.

Hatua ya 8: Pesa, chakula na bakshishi

Milango mikubwa sasa hupokea kadi ya benki tu, kwa hiyo Visa au Mastercard inayofanya kazi nje ya nchi ni lazima. Mwanafunzi mwenye kadi ya ISIC, ile ya kimataifa ya wanafunzi, hulipa nusu. Pesa taslimu ni ya kila kitu kingine.

Kila ukibadili pesa omba noti ndogo. Neno bakshishi halihitaji tafsiri, na utalisikia kutwa. Mlinzi wa kaburi atakuita pembeni akuonyeshe mchoro kwa tochi. Kama hukutaka, kataa kabla hajaanza kuonyesha. Kama umefurahi, mpe kidogo kwa heshima. Msafishaji wa chumba mpe kila siku badala ya siku ya mwisho, kwani zamu hubadilika na aliyekufulia shuka huenda asiwepo.

Kula wanapokula wenyeji: ful (maharage yaliyopikwa hadi kulainika) na mkate asubuhi, koshari mchana. Koshari ni wali, dengu, makaroni na vitunguu vya kukaanga chini ya rojo la nyanya, na sahani moja inakufikisha usiku. Karkadeh ni rozela yetu, na huko ni tamu kuliko popote nilipoinywa.

Hatua ya 9: Kuondoka

Lipa hesabu yote jioni iliyotangulia, mwenye nyumba mwenyewe akiwepo, na mpitie kila chai iliyoandikwa. Kama treni yako ni ya usiku, omba kuacha begi na kuoga kabla ya kuondoka. Nyumba nyingi za bei ndogo huruhusu bila malipo. Usingoje dakika za mwisho kuvuka: kivuko huondoka kikijaa. Uwe ng'ambo ya mashariki saa moja na nusu kabla ya treni. Muda ukibaki, keti kwenye ngazi za kando ya mto, mbele ya hekalu. Taa zitakuwa zimeshawashwa.